Bafle ya Sauti ya Chini

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Kanisani kwetu Mweso mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo, na nikianzisha, waliokuwa bado wanatafuta viatu majumbani mwao walijua wamechelewa. Shambani naongea. Jikoni naongea, na nikikosa mtu naigombeza sufuria. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na husema alinioa ili nitumie na ya kwake.

Mtu huyo ndiye aliyeamka asubuhi moja, akafungua mdomo kuwaita kuku, ikatoka hewa tupu.

Nikadhani ni mafua. Nikanywa tangawizi, nikajifukiza majani ya mkaratusi mpaka macho yakavimba. Hewa tu. Mwishowe mume wangu akanipeleka kwa muganga, mzee mmoja mpole mwenye kioo kidogo cha kuchungulia kooni. Alichungulia, akafuta kioo, akachungulia tena.

"Mama, uko na tunyama tudogo mu koo," akasema. "Tunakuyaka ku bantu benye kupiga makelele sana. Unaimbaka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ni ku kanisa tu, ao na ku nyumba pia?"

"Ku nyumba zaidi," mume wangu akajibu upesi. Sijawahi kumwona mtu yule akijibu swali kwa furaha kiasi kile.

Dawa ilikuwa kunyamaza. Nisiimbe, nisiseme, nisinong'one hata kidogo, mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Nilipomtazama kwa macho ya kuuliza, alielewa swali langu, akalijibu taratibu. "Sauti itarudia, Mama. Lakini haitakuwa ile ya zamani. Utabakia na kasauti. Ukatunze."

Kasauti! Huku kwetu ukitaka kukipunguza kitu, ao kukibembeleza, unakibandika ka- mbele. Mtoto ni katoto, nyumba ni kanyumba. Hata ukulele yangu naiita kagitare tangu siku mume wangu alipoileta kutoka Goma akidhani ni gitare ya watoto. Ina nyuzi nne, inakaa kwapani, naipenda kuliko vitu vyangu vyote vya mbao. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ka- ingeshuka mpaka kooni kwangu. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na hasira isiyo na sauti ni mzigo mbaya kuubeba.

Sikuweza kutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilipalilia maharagwe yaliyokuwa yamepaliliwa. Nilikwenda sokoni bila kununua kitu, nikarudi, nikakumbuka sikuwa nimenunua kitu, nikaenda tena. Jumapili nilisimama kwenye kwaya nikipiga kagitare kangu, na mwanamke mwingine akaanzisha nyimbo, tena chini kidogo ya ufunguo wake, nikabaki nauma meno.

Yote hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia kilikuwa simu ya mama yangu.

Mama yuko Itebero, kule Walikale, msituni, ndiko nilikozaliwa. Ili apige simu lazima apande kilima cha nyuma ya mashamba, mahali rezo ya simu inapopatikana, na anapanda taratibu kwa sababu macho yake yameingia ukungu. Anaona umbo la mtu, sura haioni. Anatujua kwa sauti. Alipopiga, mume wangu akapokea, na mume wangu kwa mama yangu ni mkwe. Mkwe wa kwetu hamwagi maneno mbele ya mama mkwe. Akasema kwa adabu, kwa sauti ndogo: "Mama, iko hapa. Anaumwa kidogo. Hawezi kusema."

Nilitaka kumnyang'anya ile simu niitupe chooni.

Kwa sababu kwetu, hivyo hasa ndivyo msiba unavyotangazwa. Hakuna anayemwambia mtu wa mbali kwamba wako amekufa. Unaanza na "anaumwa kidogo". Kesho yake unasema "hawezi kusema". Halafu unasema "njooni mumwone", na anayesikia anaanza kulia palepale. Mume wangu, katika maneno yake machache ya heshima, alikuwa amenifikisha karibu na kaburi.

"Mumupe simu yeye mwenyewe," mama akasema.

Nikaishika. Sikumjali muganga. Nikasema, "Mama, ni mimi." Kilichotoka kilikuwa kama mtu anapepeta unga.

"Ule haiko mutoto wangu," mama akasema. "Ule ni upepo. Munanificha kilio." Rezo ikakata.

Siku chache baadaye mfanyabiashara wa mafuta ya mawese aliyepita Itebero alituletea ujumbe: mama anatafuta mtu wa kumshika mkono, anakuja mwenyewe kwa miguu kuchukua maiti ya mwanawe. Mwanamke asiyeona, katika njia zile, katika nyakati hizi za bunduki. Usingizi ukaniisha kabisa. Lazima niende kabla hajaondoka, mara tu njia itakapotulia.

Lakini kufika tu hakutoshi, na hapa lazima nieleze desturi ya nyumbani kwetu. Njia ya kwenda kwa mama inapita chini, kwenye kijito, kisha inapanda katikati ya migomba mpaka uani. Hakuna mtu wa familia anayeipanda kimya. Ukifika kijitoni unaimba, kwa lugha yetu ya msituni: nimepanda mlima, nimevuka mto, nani yuko nyumbani? Aliye nyumbani anakuitikia. Anayepanda bila kuimba ni mmoja tu: mleta habari ya kifo. Yeye huja kimya, akitazama chini, na wanawake wakiona umbo linapanda bila wimbo wanashika vichwa.

Baba alipokuwa hai, akitoka kuwinda, aliimba kutoka kijitoni kwa sauti nzito iliyopita chini kwa chini. Mama alimjibu, "Nipo. Umetuletea nini?" Akiwa na mnyama alimtaja. Akiwa mikono mitupu alijibu, "Miguu yangu," na mama alicheka jibu hilo kila mara, miaka yote, kama vile hajawahi kulisikia. Mimi nikiimba, mama alinijibu tofauti: "Nipo, mwanangu, chungu kiko jikoni." Na aliwaambia majirani, "Musikie ile sauti. Ni yangu ile. Nilimupatia mwenyewe." Kweli tulikuwa na sauti moja, nyembamba na kali, ya kukata msitu.

Sasa nifike pale kijitoni na hewa tupu? Nipande kimya kama mleta msiba, mbele ya mama ambaye tayari anangoja msiba? Mume wangu asingeweza kuimba badala yangu. Mkwe hapazi sauti uani kwa mama mkwe. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikalipata jibu nikiwa nabandika maharagwe: bafle, yaani spika. Kabafle kadogo, ka kubebwa mgongoni, ka kukuza kagitare na hako kasauti muganga alikoniahidi. Kagitare kangepiga wimbo, mimi ningenong'ona maneno, na mashine ingefanya iliyobaki.

Muganga aliponiruhusu kusema maneno machache kwa siku, niliyatumia yote kwenye duka la vyombo vya muziki.

Mwenye duka alikuwa kijana mwenye maneno mengi kama mimi wa zamani, kwa hiyo alinikera tangu mwanzo. Akanitolea kwanza bafle yenye magurudumu na taa za rangi zinazozunguka. Ilinifika kiunoni. Nikamwonyesha mgongo wangu kwa kidole. Akaelewa nina maumivu ya mgongo, akanipa kiti. Nikamwonyesha kwamba nataka ya kubeba. Akaniletea kadude kadogo ka kufunga kwenye mkanda. Nilipounganisha mikro na kunong'ona, kalitoa sauti ya nzi ndani ya chupa. Ya tatu haikuwa na tundu la waya wowote. "Hii ni ya bluetooth, Mama, ni ya kisasa!" akasema, na nikamwinulia kagitare kangu mbele ya uso ili anionyeshe bluetooth yake inaingilia wapi. Hapo ndipo sote wawili tulipogundua kwamba hata kagitare kenyewe hakakuwa na tundu. Ilibidi anitafutie kifungo cha kubandika kwenye mbao, chenye waya wake, kinachosikiliza mtikisiko wa nyuzi.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka: matundu mawili, moja la kagitare, moja la mikro, batri ya kujazwa kwa plake ya jua, maana Itebero hakuna umeme, na uzito usiozidi wa mtoto anayenyonya. Zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya plastiki, nyepesi, yenye sauti kali iliyopenya masikio, na mkanda wa taa juu yake. Nyingine ilikuwa sanduku la mbao, zito kidogo, lenye mlio mnene. Mwenye duka akanipigia zote mbili.

"Sasa, Mama, unataka sauti ya juu ao sauti ya chini?"

Maneno yangu ya siku hiyo yalikuwa yameisha. Nikaondoka.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Nilisimama mbele ya zile mbili, nikaziinua, nikaziweka chini. Mwenye duka alipoanza kuniona kwa mbali alikuwa anakumbuka kazi ya haraka huko nyuma. Tulifunga safari mpaka Kibabi kwa dada wa mume wangu, ambaye kwaya yake ina ampli ya harusi, ili nisikie ya watu wanaojua. Ilikuwa nzuri ajabu, na iliinuliwa na wanaume wawili. Dada mkwe akaniuliza kwa nini nina haraka. Nikamwonyesha kwa mikono: mtu anayetembea, macho yamefumbwa. Akanielewa, akanifungia viazi vya njiani na kutusukuma tuondoke.

Siku tuliyosikia kwamba njia ya Walikale imetulia kidogo, na watu wanapita, nilikuwa nimelala na homa. Nikamwita mume wangu aende dukani. Nilikuwa nimeshaamua: ile ya plastiki, nyepesi, kali, iliyofanana na sauti yangu ya zamani. Ila niliogopa mlio wake. Mwenye duka alipenda kuiweka mwisho kabisa, ikapiga yowe, na mtu wa kwetu akikusikia unapiga yowe kijitoni anakuja na panga. Kwa hiyo nikamnong'oneza mume wangu, "Umuambie aiweke sauti ya chini."

Nilimaanisha apunguze. Yeyote angejua nilimaanisha apunguze.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, akayapunguza hata hayo. Alifika dukani akasema, "Mama anasema ya sauti ya chini." Na mwenye duka, ambaye alikuwa amengoja jibu la swali lake siku zote hizo, alifurahi, akafunga lile sanduku la mbao lenye mlio mnene, akampa, akafunga na duka, akapanda gari la kwenda Goma kuchukua bidhaa.

Nilipofungua mfuko nilikaa nikalitazama lile sanduku. Nikaunganisha waya, nikagusa uzi mmoja wa kagitare. Ikatoka sauti ya mtu mzima. Nikanong'ona kwenye mikro, "Mama, ni mimi," na kile chumba kikajaa sauti nene, ya kukwaruza, isiyo yangu. Hata si ya mwanamke. Nilimtupia mume wangu mto. Nikamtupia na wa pili. Nilitaka kumwambia kwamba juu ni juu na chini ni chini, kwamba kuna chini ya kupunguza na kuna chini ya unene, kwamba mtu akisema "iweke chini" hasemi "lete ya chini". Kwa kasauti kangu nikafika neno la tatu, nikaanza kukohoa.

"Sasa tutafanya namna gani?" akasema, ameshika mito yake miwili. "Duka imefungwa. Na mama iko njiani, ao ataanza leo."

Tukaondoka asubuhi na lile sanduku.

Safari ile sitaielezea yote, maana sikuiona. Nilikuwa nimeshatangulia, miguu ndiyo iliyobaki nyuma. Pikipiki mpaka pikipiki zilipokataa, kisha matope. Nililibeba sanduku mgongoni ndani ya plastiki na kitenge, kama mtoto, na wanawake tuliopishana nao waliniuliza ana miezi mingapi. Kila tulipokutana na watu wanaotoka upande wa Itebero, mume wangu aliwauliza kama wamepishana na mama mmoja mzee, haoni vizuri, ameshikwa mkono. Hapana, hawajamwona. Kila hapana ilinitia moyo na kunitia hofu kwa pamoja, kwa sababu njia za msituni ni nyingi. Nilikataa kupumzika. Mume wangu alipokaa kula kiazi, nilisimama juu yake mpaka akala anatembea.

Tulifika kijitoni mchana, jua likiwa bado juu ya migomba. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda uani. Kuna mtu, basi. Nikashusha sanduku, nikalifungua, nikafuta unyevu kwa kitenge. Kwa haraka nikakosea matundu, nikachomeka kagitare kwa mikro na mikro kwa kagitare. Nilipowasha likapiga mluzi mkali, ndege wakaruka. Mume wangu akazungusha kifundo cha sauti, mluzi ukakatika.

Nikapiga nyuzi. Nikaimba, kama ile ilikuwa kuimba: nimepanda mlima, nimevuka mto, nani yuko nyumbani?

Ile sauti nene ikapanda migombani ikipita chini kwa chini. Niliisikia inakwenda, na hapo hapo nikaijua. Nikageuka kumwangalia mume wangu kama ameisikia, lakini yeye hakumkuta baba yangu akiwa hai.

Huko juu mlio wa kisu uliokuwa unamenya mihogo ukakoma. Nilijua ninapaswa kungoja "mwanangu, chungu kiko jikoni", na niliomba Mungu lisije yowe la msiba. Halikuja wala moja wala lingine. Ilikuja sauti ya mama, nyembamba na kali, imepasuka kidogo katikati:

"Nipo. Umetuletea nini?"

Sikuwa nimesikia swali lile tangu tulipomzika baba. Mume wangu akanitazama, hakuelewa kwa nini ninalia. Mikro ilikuwa bado iko mkononi. Sikufikiri. Nikajibu jibu lililokuwepo.

"Miguu yangu."

Mama akacheka. Alicheka kicheko kilekile, kisha kikageuka kilio, kisha nikasikia anateremka, anagonga migomba kwa fimbo, na nikakimbia nimwahi asianguke, sanduku likiburutwa kwa waya wake nyuma. Alinishika uso wote kwa mikono yenye maji ya mihogo. Mashavu, masikio, shingo. Pale shingoni alikaa muda mrefu.

"Ni weye," akasema. "Ni weye mwenyewe. Nilizani papa yako amekuya kunibeba, na mihogo yangu haiyaisha kumenywa."

"Ni mimi, Mama," nikanong'ona.

"Sauti yangu uliipeleka wapi?"

"Imeisha, Mama."

Nilimwogopa wakati ule kuliko nilivyowahi kumwogopa nilipokuwa mtoto. Vidole vyake vilikuwa bado kooni kwangu, vinasikiliza.

"Bon," akasema mwisho. "Ya kwangu imeisha. Ya papa yako njo ilibakia. Hukuniambia kama uko nayo."

Akapapasa mpaka akalipata sanduku, akaweka kiganja juu ya mbao, akalipiga kidogo kama mtu anavyopima ngoma.

"Imba tena," akasema. "Na uweke sauti ya juu, nisikie muzuri."

Nikazungusha kifundo mpaka mwisho, nikaimba kwa sauti ya chini.